Asilimia 92 ya Ifakara: tuisome kwanza, tuinakili baadaye



Wadogo wetu wa biomedikali na kemia wanaoandaa TFC wanapenda sana makala moja: ile ya Emmanuel Mwanga na wenzake wa Ifakara, Tanzania, iliyotoka katika Malaria Journal mwaka 2019. Mimi pia naipenda. Lakini tuseme ukweli: wengi tunaitaja bila kuisoma. Tunachukua "asilimia 92", tunaibandika kwenye utangulizi, basi.

Kazi yenyewe iko hivi. Tone la damu linakaushwa kwenye karatasi, kisha mashini inalipiga mwanga wa infraredi, ule ambao macho hayaoni. Kila aina ya molekuli inameza sehemu yake ya mwanga, na mashini inachora mstari wenye vilima na mabonde. Hiyo njo spektra. Kompyuta inaonyeshwa spektra za watu ambao hali yao inajulikana, inajifunza tofauti, halafu inapewa zingine ikisie. Walikuwa watu 296 wa kusini-mashariki mwa Tanzania: 123 wenye vijidudu vya malaria, 173 wasio navyo, na PCR ndiyo iliyothibitisha. Hapo njo nguvu ya kazi hii: mashini haikuaminiwa peke yake, ilisimamishwa mbele ya shahidi anayeona hata kile ambacho darubini inapitwa nacho.

Matokeo: kwa kila wagonjwa 100, njia ile ilitambua karibu 93. Kwa kila wazima 100, iliwaacha kwa amani karibu 92. Ni vizuri sana. Sasa shida iko wapi?

Iko kwenye hesabu ambayo hatufanyi. Kati ya wale 296, karibu 42 kwa kila 100 walikuwa na malaria. Tuseme tunapima watu 1,000 wa kijiji, wakati ambapo 100 tu ndio wako na vijidudu. Mashini itapata 93 na kupoteza 7. Lakini kati ya wazima 900, itawaita 75 wagonjwa. Kumbe kwa watu 168 watakaoambiwa "uko na malaria", 75 hawana kitu! Wanameza dawa bure, na homa yao ya kweli, labda tifoidi, inaendelea kuwala. Asilimia ni ile ile. Kilichobadilika ni watu wanaopimwa.

Jambo la pili: mashini iliona nini hasa? Kijidudu chenyewe, au damu iliyopungua? Mtoto wa huku mwenye upungufu wa damu lakini hana malaria, mashini itamwita nani? Waandishi wenyewe hawakuficha hilo. Waliandika kwamba kabla ya kutumia njia hii, lazima ijaribiwe mahali pengine penye vijidudu tofauti, na ichunguzwe ile alama inatoka wapi mwilini. "Mahali pengine" ni sisi, wandugu! Na sisi, pahali pa kujibu ule mwito, tunanakili namba yao kana kwamba ilipimwa hapa Bwegera.

Mtu ataniambia: "Yaya, mashini ya infraredi tutaitoa wapi?" Sawa. Basi tuongelee ile ndogo, spektrofotometa ya mwanga wa kawaida, maana kosa ni lile lile. Makala ya kisayansi ya mwaka 2011 ilieleza kutokea kwa konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaoletwa na sianidi ya muhogo usiolowekwa vya kutosha, hapa hapa Kusini-Kivu. Na sisi wote tunakula ugali wa muhogo. Kipimo chake kinajulikana: miligramu 100 za unga, karatasi ya pikrati inayotoka manjano kwenda kahawia, rangi inayeyushwa katika maji na kusomwa kwenye nanometa 510. Namba ya mashini unazidisha kwa 396, unapata miligramu za sianidi kwa kilo. Mpaka uliowekwa na FAO na OMS ni 10.

Sasa angalia. Usipotoa usomaji wa karatasi isiyowekewa unga, mashini ikapotoka kwa 0.05 tu, umeongeza karibu miligramu 20. Ni mara mbili ya mpaka! Unga safi wa mama mmoja wa soko utaitwa sumu, na mama huyo hatauza tena. Nimesoma TFC zenye jedwali zuri la sianidi, lakini hiyo karatasi tupu haionekani popote, wala sampuli moja iliyopimwa mara tatu.

Kwa hiyo, wakubwa mnaokaa kwenye juri, kabla ya kutoa pointi muulizeni mwanafunzi: ulilinganisha na nini? Ulipima mara ngapi? Na watu au unga uliopima, walitoka wapi? Akishindwa kujibu, msimfukuze; mumurudishe labo wiki mbili. Mwaka ujao watu watasoma TFC yake na kuamua nani apewe dawa, na unga wa nani utupwe.