Nguvu Kazi, Mkopo na Jaruba

Mipango ya kuwaepusha vijana na uhalifu imekuwa mingi nchini, na karibu yote imeanza na swali lililopinda. Huulizwa: kijana huyu tumzuieje? Haiulizwi: kijana huyu ana nini mkononi, na jasho lake linamnufaisha nani? Sisi tunashika swali la pili, na tunalipima Maore, wilayani Same, penye mpunga na maji yashukayo kutoka milima ya Upare.

Tukumbuke kwanza Nguvu Kazi ya 1983. Sheria ya mwaka ule ilidai kila mwenye uwezo afanye kazi, dai ambalo mizizi yake imo katika Azimio la Arusha. Utekelezaji ukageuka msako. Watu walikamatwa mitaani Dar es Salaam, wakapakiwa magarini na kurudishwa vijijini. Wengi wakarudi mjini. Kigezo cha uzururaji kilimwangukia mchuuzi wa karanga, si bwana aishiye kwa kupangisha nyumba. Mfanyakazi aliitwa mvivu na mnyonyaji akaachwa barazani kwake.

Kasoro hiyo ingali inatunyemelea. Katika miaka ya karibuni mamlaka ya dawa za kulevya imeendesha operesheni za kufyeka mirungi katika milima ya Same. Mirungi ni marufuku kwa sheria, na hatuitetei. Lakini kada anayepanda mlima kuhutubia ajue hesabu ya mkulima: mirungi huchumwa mara kwa mara na mnunuzi huifuata shambani, wakati tangawizi hungoja miezi minane au zaidi, kisha itafutiwe soko. Kufyeka bila kujaza pengo hilo la miezi ni kumwachia kijana njaa, na njaa ina mwajiri wake.

Turudi bondeni. Wapare hawakungoja semina kujua namna ya kumweka kijana katika jamii. Walikuwa na msaragambo, kazi ya pamoja ya kuchimba mifereji na kuzibua ndiva, yale mabwawa madogo ya kukusanyia maji. Wapo wanaousifu msaragambo kana kwamba ulikuwa ujamaa kamili. Sivyo, wazee wa koo walikuwa na sauti kubwa katika kugawa maji. Hata hivyo aliyechimba alikuwa na haki ya zamu ya maji. Kazi na haki vilikwenda pamoja.

Leo kilimo cha mpunga kinahitaji mikono ya vijana: kutifua, kupandikiza, kufukuza ndege, kuvuna. Ila kijana asiye na jaruba hufanya yote hayo kwa ujira wa kibarua, au hukodi jaruba na kumlipa mwenye shamba kabla hajajua atavuna magunia mangapi. Mavuno yakiisha, kazi imeisha. Hapo ndipo tunapoletewa bonanza la mpira dhidi ya uhalifu. Hatuna ugomvi na mpira, ila mechi huisha saa kumi na mbili jioni.

Mikopo ya halmashauri ni hatua ya maana zaidi. Tangu 2018 sheria imeagiza asilimia 10 ya mapato ya ndani itengwe, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Utaratibu ulisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Udhaifu wake ni kwamba fedha peke yake haizai mpunga. Kikundi kisicho na ardhi hupeleka sehemu ya mkopo kwenye kodi ya shamba, na hivyo fedha ya umma humfikia mwenye ardhi kwa mkono wa kijana. Na marejesho yakidaiwa kabla ya mavuno, mpunga utauzwa ungali shambani, kwa bei ya mlanguzi.

Kwa hiyo tunawataka makada wa matawi waache kuhesabu semina na waombe kuona daftari mbili: ya wenye majaruba na ya zamu za maji. Wahesabu humo majina ya walio chini ya miaka 35, kisha wayalinganishe na ya wale waliotoka na jembe siku ya kuzibua mfereji.