Nakala Ipi ya Wimbo? Kaseti za Tabora na Kazi ya Mhakiki

Mwanafunzi wa fasihi anayeandika juu ya Utendi wa Mwana Kupona bila kutaja toleo alilotumia harudishiwi insha yake bila wino mwekundu. Mwalimu atamwuliza: mswada upi? Nani aliunakili? Mhariri gani ameuchapisha? Hayo tumefundishwa toka mwaka wa kwanza, na ni haki. Lakini mwanafunzi huyohuyo akileta insha juu ya muziki wa dansi, atanukuu beti nne "za Tabora Jazz" na hakuna atakayemwuliza amezisikia wapi. Kwenye santuri? Redioni? Kwenye kaseti ya mjomba wake? Au kazitoa kwenye simu, ambako mtu asiyejulikana kazipakia chini ya jina la bendi nyingine kabisa?

Makala haya yanadai kwamba swali hilo ni la lazima. Uhakiki wetu wa nyimbo za dansi umejaa dhamira, umejaa "nafasi ya mwanamke" na "msanii na jamii", lakini hauna matini. Na watu wanaoweza kutupatia matini hiyo ni wale tunaowaona kama watu wa kupoteza wakati tu, yaani wakusanyaji wa santuri adimu na kanda zilizorekodiwa ukumbini.

Nachukua mfano wa Tabora, na si kwa sababu ni kwetu tu. Mji huu ulikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Wapagazi Wanyamwezi waliipita njia hiyo kwa miguu na kwa nyimbo, na watu wa pwani na Wamanyema wakaweka makazi hapo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914. Mji wa namna hiyo haushangazi ukizaa muziki. Kiko Kids, bendi ya Salum Zahoro, ilikuwa ikipiga toka miaka ya 1950. Wakaja Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, wakaja Nyanyembe Jazz. Bendi tatu, mji mmoja, tena mji wa bara! Shem Karenga, mtu wa Kigoma aliyefariki mwaka 2014, alipata jina akiwa na Tabora Jazz kwa wimbo wa "Dada Asha". Hata Western Jazz ya Dar es Salaam, wale wa Saboso, jina lao linatokana na Jimbo la Magharibi.

Sasa, sauti hizo ziko wapi? Katika miaka hiyo Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi zilirekodi kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, kanda zikabaki redioni, na santuri zikatengenezwa na makampuni ya Nairobi na Mombasa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983, na njia hiyo ikabana. Kwa hiyo sehemu kubwa ya anachoweza kununua msikilizaji wa leo imekusanywa na wageni. John Storm Roberts alitoa *The Tanzania Sound* mwaka 1987, kisha *Dada Kidawa, Sister Kidawa* mwaka 1995. Mjerumani Werner Graebner alihariri mfululizo wa *Zanzibara* uliotolewa na Buda Musique ya Ufaransa. Juzuu ya tatu, ya mwaka 2007, inahusu miaka ya 1960. Ya tano, ya mwaka 2009, inahusu miaka ya 1978 hadi 1983, na jina lake ni *Hot in Dar*.

Ningependa tulitazame jina hilo kama tunavyotazama jina la riwaya. Santuri ya mkusanyo ni tahakiki iliyofanywa kwa kuchagua. Anayeikusanya anasema: huu ndio muziki wa Tanzania, zilizobaki ziache. Na anachagua kwa sikio la nani? Msikilizaji wa London au Paris asiyejua Kiswahili anavutwa na gita na tarumbeta. Wimbo wenye maneno mazito na gita la kawaida hauna bahati kwake. Halafu kuna sharti jingine ambalo hata mkusanyaji hana uwezo nalo: santuri iwe imepona, isiwe na mikwaruzo. Basi kati ya wimbo uliopendwa Tabora na wimbo ulio kwenye mkusanyo pana chekecheke mbili, na hakuna hata moja inayouliza maneno yanasema nini. Nasi tunachukua kilichopita kwenye chekecheke hizo tunakiita "muziki wa dansi".

Habari hii haikuanza na dansi. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu kutoka Leipzig, alizunguka kusini mwa nchi akiwa na mashine ya kurekodia kwenye mirija ya nta, na miongoni mwa sauti alizozinasa ni nyimbo za wapagazi wake Wanyamwezi. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na mitambo yake, na kazi yake ikahifadhiwa Afrika Kusini. Mtu wa Unyamwezi anayetaka kusikia babu zake waliimbaje barua yake lazima ivuke mipaka.

Ni rahisi sana hapa kupiga kelele kwamba msafara ni uleule: zamani pembe za ndovu, leo sauti. Hata mimi niliwahi kuandika hivyo kwenye zoezi la semina nikapigiwa makofi. Lakini jamani, tuwe wakweli. Pembe ikiondoka haibaki. Sauti ingeweza kubaki, na kwa kiasi kikubwa haikubaki kwa uzembe wetu wenyewe. Wageni hao walitafuta wanamuziki wakongwe, wakawahoji, wakaandika majina ya wapigaji. Salum Zahoro alirudi jukwaani na Shikamoo Jazz katika miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la HelpAge, na mwaka 1995 bendi hiyo ya wazee ikaenda kupiga Uingereza. Katika miaka hiyo idara zetu za fasihi zilikuwa zimemwandikia Zahoro tahakiki ngapi?

Kwingine mambo yalikwenda tofauti kidogo. Argentina, Septemba 1975, kundi la roki la Sui Generis liliwaaga mashabiki wake katika ukumbi wa Luna Park, Buenos Aires. Onyesho likarekodiwa, na mwaka huohuo likatolewa kwenye santuri. Leo mhakiki wa huko anaweza kuweka wimbo wa studio mkono huu na wimbo wa jukwaani mkono huu, akalinganisha. Kwetu, onyesho la dansi mkoani lilirekodiwa na nani? Na mtu yeyote mwenye redio-kaseti na betri. Ndiyo maana kaseti hizo ni adimu kuliko santuri yoyote. Santuri ilifyatuliwa kwa mamia, kaseti ya ukumbini ipo moja tu duniani.

Moja ya namna hiyo nimeisikia. Mjomba wangu anakaa Isevya, na chini ya kitanda chake kuna sanduku la bati lenye kaseti thelathini na kitu. Likizo iliyopita nililifungua. Nyingi amezirekodi kutoka redioni, unamsikia mtangazaji anaingilia kati kusoma salamu. Moja imeandikwa kwa kalamu ya wino, "Tabora, usiku", basi. Hakuna jina la bendi wala mwaka. Tuliiweka. Kwanza chupa, viti, watu wanacheka, halafu magita. Wimbo wa kwanza unakwenda zaidi ya dakika kumi. Mwimbaji anamaliza beti, magita yanaingia kwenye chemko, na hapo anaanza kuita watu: dereva fulani wa lori, mama fulani wa Ng'ambo, fundi saa, mtu aliyehamishiwa Urambo ambaye eti bado anadaiwa. Ukumbi mzima unaitikia. Kisha anarudi kwenye ubeti wa pili, lakini ameubadilisha. Aliyekuwa analalamikiwa sasa anatetewa.

"Sikiliza, mjomba," aliniambia mjomba, maana kwetu jina hilo huenda na kurudi, "hao ni Nyanyembe." Rafiki yake, mzee mwenzake aliyekuja kunywa kahawa, akakataa katakata. "Nyanyembe wapi! Hilo gita la Tabora Jazz." Wakabishana mpaka adhana ya magharibi. Mimi nilikuwa na daftari, nikagundua kwamba wazee wale wawili wanafanya kazi niliyofundishwa chuoni kwa jina la uhakiki wa matini. Mmoja anatumia ushahidi wa sauti, mwingine anatumia ushahidi wa majina: fundi saa yule alikufa lini, kwa hiyo kanda haiwezi kuwa ya baada ya hapo. Tofauti yao na mimi ni kwamba wao hawapewi maksi.

Nilichojifunza kwenye kaseti ile ni kwamba wimbo wa dansi una maisha mawili. Kabla ya kurekodi Radio Tanzania, maneno yalipitiwa na kamati. Wimbo uliotufikia kwa njia ya redio ni wimbo uliokwisha kupewa ruhusa. Santuri ndogo nayo ilikuwa na dakika zake chache kila upande, kwa hiyo wimbo mrefu ulikatwa sehemu ya kwanza na ya pili, mara nyingi pale chemko inapoanza. Mhakiki anayesema kwamba nyimbo za dansi "zinafundisha tu" au "zinaunga mkono serikali tu" anahakiki kamati na santuri. Ukumbini mambo yalikuwa mengine. Pale hadhira ilikuwa sehemu ya utunzi, kama fanani na hadhira yake katika ngano. Tukisema dansi ni fasihi simulizi, basi tukubali kwamba onyesho ndilo kazi yenyewe, na santuri ni muhtasari.

Najua atakayenipinga. Atasema: hiyo ni kazi ya maktaba, mhakiki ahakiki. Namjibu kwa Siti binti Saad. Sote tumesoma *Wasifu wa Siti Binti Saad* wa Shaaban Robert. Siti alirekodi santuri Bombay mwaka 1928. Ni wangapi darasani kwetu wamewahi kuisikia sauti yake kabla ya kujibu swali la mtihani juu yake? Nilipouliza, mikono miwili ilinyanyuka. Tunamjadili mwimbaji kwa kumsoma.

Wapo waliojaribu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 mradi wa Tanzania Heritage Project ulianza harakati za kuzihamishia kanda za Radio Tanzania kwenye kompyuta. Lakini kaseti za chini ya kitanda hazimo katika hifadhi ya redio yoyote. Hizo ni zetu sisi wanafunzi, tunaokwenda likizo Tabora, Sikonge, Nzega na Kigoma kila mwaka na kurudi na asali tu. Napendekeza mambo mawili. Kwanza, kuanzia sasa insha yoyote ya wimbo itaje nakala: santuri, kanda ya redio, mkusanyo, au ukumbi, na nani anayo. Pili, kila mmoja wetu arudi na kanda moja, pamoja na ubishi wa wazee juu yake ulioandikwa kwenye daftari. Ubishi huo ni muhimu kama kanda.

Ile ya mjomba nimeinakili. Utepe umeanza kuparara, na katikati ya wimbo wa tatu sauti inazama kwa kama nusu dakika halafu inaibuka tena, watu tayari wanapiga makofi. Mjomba anasema pale ndipo paliposemwa neno kubwa la usiku ule. Nilimwuliza lilikuwa neno gani. Amelisahau.