Juu ya Neno "Kuhifadhiwa" katika Elimu ya Jeni

Wanabiolojia wakiikuta jeni moja katika viumbe walio mbali kwa nasaba, husema kwa Kiingereza kwamba jeni hiyo imehifadhiwa. Nasi twalifuata neno lao hivyo hivyo: "jeni iliyohifadhiwa". Mimi nami nilifundisha hivyo, hata siku moja mwanafunzi akaniuliza, "Aliyeihifadhi ni nani?" Sikuwa na jibu, wala kosa halikuwa lake. Kitenzi chetu chadai mlinzi na ghala. Jeni haina hata kimoja.

Natutazame mfano. Candida albicans ni kuvu wa jamii ya hamira, awatiaye watoto wachanga utando mweupe kinywani, na aliyedhoofika kwa maradhi huweza kumwingia hata damuni. Mwaka 1984 Gillum, Tsay na Kirsch walitangaza kwamba wameipata jeni yake iitwayo URA3. Vipande vya DNA ya kuvu huyo vilitiwa katika hamira ya mwokaji, Saccharomyces cerevisiae, ambayo jeni yake ya namna hiyo imeharibika, isiweze kujitengenezea urasili. Seli zilizoota pasipo kupewa urasili ndizo zilizobeba kipande kilichotafutwa. Jeni hiyo ilifanya kazi hata ndani ya bakteria Escherichia coli mwenye kasoro kama hiyo.

Basi kilichobaki ni nini? Si herufi zote, maana nyingi zimebadilika. Kilichobaki ni kazi: mabadiliko yaliyoiharibu yalipotea pamoja na viumbe walioyabeba. Hapo hapana hifadhi, pana kudumu. Hata neno "mtu", ambalo ndugu zake wametapakaa katika lugha za Kibantu, halikufungiwa kabatini na mtu yeyote. Limedumu kwa kuwa lilitumika.

Wala tusidhani kwamba herufi zikifanana, maana nayo ni moja. Hamira ya mwokaji husoma CUG kuwa asidi amino iitwayo lusini. Candida albicans, kama ilivyobainika katika miaka ya 1990, huisoma karibu daima kuwa serini. Ni kama "ndoo": kwa Kiunguja ni chombo cha maji, kwa Kimvita ni kumwita mtu aje. Mwenye kuhamisha jeni kutoka kiumbe mmoja hadi mwingine hana budi kuzitazama kwanza CUG zake, asije akapata protini asiyoitaka.

Kwa hiyo napendekeza tuseme "jeni dumifu". Najua watakuwapo watakaojibu kwamba "kuhifadhiwa" kumekwisha kuzoeleka. Mazoea ni hoja, sikatai. Lakini istilahi impelekayo mwanafunzi kumtafuta mlinzi asiyekuwapo humficha jambo lenyewe alilokuja kujifunza: kwamba jeni hudumu kwa kazi yake, na kwamba msomaji wake akibadilika, maana yake nayo yaweza kubadilika.