Njia ya Misafara kwa Basi

Ziara ya urithi wa utamaduni ni kitu cha kutungwa, kama ilivyo tamthilia. Ina mtunzi aliyeamua ianzie wapi na iishie wapi, ina msimulizi, na ina mambo yaliyoachwa nje ya jukwaa. Kwa hiyo sioni kwa nini isihakikiwe. Mimi nilikuwa mtazamaji wa mojawapo, ya siku 4, kutoka Bagamoyo hadi Dodoma, ambayo tangazo lake lilisema tutafuata nyayo za misafara ya pembe na watumwa. Nilikwenda na mjukuu wangu wa kidato cha pili. Nauli nililipa mwenyewe, hivyo sina deni la kumsifu mtu.

Njia yenyewe si ya kubuni. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza katika orodha yake ya mapendekezo ya urithi wa dunia, ikataja vituo 6: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Na mwanzo wa ziara ulikuwa mzuri. Kule Bagamoyo, kwenye mnara wa kanisa la zamani la misheni ulipofikishwa mwili wa Livingstone Februari 1874, kiongozi wetu hakumzungumzia Livingstone peke yake. Aliwataja Susi na Chuma, akatueleza jinsi walivyotembea na maiti ile miezi kadhaa kutoka kwa Chitambo. Wazee wenzangu ndani ya kundi walitikisa vichwa kwa huzuni. Kijana yule ana sauti na ana mpangilio. Angefaa kuwa mwalimu.

Kasoro ilianza tulipofika kwenye jengo la misafara. Pale alituambia kwamba kila aliyepita njia hii na mzigo kichwani alikuwa mtumwa, amefungwa mnyororo, na kwamba jina Bagamoyo maana yake ni kukata tamaa: uache moyo wako hapa, hutarudi tena. Mjukuu wangu akaninong'oneza, "Babu, si ulisema babu yako mkubwa alikuwa mpagazi? Kumbe alikuwa mtumwa?"

Sikuwa na jibu la haraka la kumpa mtoto mbele ya watu. Babu wa baba yangu alikuwa mpagazi kweli, na nyumbani ilihadithiwa kwamba mahari aliyotoa ilikuwa doti za merikani alizolipwa kwa miguu yake. Wapagazi walio wengi wa njia hii, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu wa ujira. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila 2, yaani kilo 30 na zaidi. Walipatana bei kabla ya kuinua mzigo. Posho ikipunguzwa waligoma. Wakidhulumiwa mno walitoroka na mzigo wa tajiri ukabaki porini. Kwa mtu wa namna hiyo, aliyetoka Unyanyembe kwa miguu na sasa anaiona bahari, kubwaga moyo ni kuutua, kama anavyotua mzigo. Wapo wanaoshikilia ile maana nyingine, na haki yao ni kusikilizwa. Lakini msimulizi anayetoa maana moja tu kana kwamba hakuna ya pili amewapokonya wasikilizaji wake jambo la kufikiri.

Nieleweke vizuri. Watumwa walipita, wengine wakibebeshwa pembe, na huku kwetu Usagara vijiji vilivamiwa na watu wakachukuliwa. Kuwa mjukuu wa mtumwa si aibu ya mjukuu. Aibu ni ya aliyenunua na aliyeuza. Ninacholalamikia ni kuwafanya watu wa aina mbili kuwa aina moja. Ukimtia mpagazi mnyororo ambao hakuvaa, na mnyororo wa yule aliyeuvaa kweli nao unakuwa pambo tu la kutisha watalii.

Kutoka Morogoro basi lilishika lami, tukapanda Mamboya, tukatokea Gairo, Kongwa, hadi Mpwapwa. Hapa natetea kwetu, msomaji aniwie radhi. Njia ya misafara haikuwa moja. Tawi jingine lilifuata bonde la Mkondoa, kule reli ya Wajerumani ilikopita baadaye, likaja huku kwetu. Burton na Speke walipita hapa mwaka 1857, na Burton akaandika jina letu kwa r, Rumuma, kama kituo ambacho misafara ilipenda kupumzika kwa sababu chakula kilipatikana. Bado kinapatikana, malori ya vitunguu yanaonyesha hivyo. Sidai basi lifike Lumuma, maana barabara yetu naijua. Nilitaka tu tawi hilo litajwe, japo kwa sentensi moja.

Lakini pale ziara ilipoanguka kabisa ni Chunyo, magharibi ya Mpwapwa. Hapo ndipo ilipoanza Marenga Mkali, yaani maji makali, maji ya chumvi: nyika kavu ambayo Stanley, aliyeivuka Mei 1871, aliikadiria kuwa zaidi ya maili 30. Hapo wapagazi walikuwa na utaratibu wao ambao wasafiri Wazungu waliuandika kwa jina la terekeza. Msafara haukuondoka alfajiri kama kawaida, bali mchana, watu wakiwa wameshiba na vibuyu vimejaa. Walitembea hadi usiku, wakalala pasipo maji, wakaamka mapema kuyakimbilia maji ya upande wa Ugogo kabla jua halijawakausha. Mbele alitangulia kirangozi, ambaye mara nyingi wapagazi walimchagua wenyewe, kwa kuwa aliyajua maji. Na huko mbele walingojewa na watemi wa Kigogo wenye visima vyao, waliotoza hongo.

Sisi tulisimama Chunyo dakika 10. Tulipewa maji ya chupa, baridi, tukapiga picha, tukageuza kuitafuta lami. Kuhusu terekeza, kirangozi wala hongo hatukuambiwa neno. Mambo haya hayajafichwa. Wasafiri Waswahili waliyasimulia ya njia hizi kwa lugha yetu wenyewe, mmoja wao Selemani bin Mwenye Chande, katika kitabu alichokichapisha Velten mwaka 1901. Lakini msimulizi wetu alimtaja Stanley mara nyingi, na hao hakuwataja hata mara moja.

Jioni, Dodoma, nilimvuta kando nikamweleza. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mwalimu, mimi hivi ndivyo nilivyofundishwa shuleni." Nikamwuliza shule gani, na nani alimfundisha historia. Jina alilolitaja nalifahamu. Ni la mtu niliyemfundisha kufundisha, chuoni, na zile picha za minyororo za kubandika ukutani alizichora katika somo langu, nami nikampa alama nzuri.

Basi nimemwandikia kijana barua, ndefu kuliko makala hii. Nimemshauri mengine, lakini kubwa ni hili: awashushe watu pale Chunyo saa nane mchana, basi litangulie, watembee saa moja tu kuelekea magharibi, kila mmoja na kibuyu chake, na mzigo wa kilo 30 wapokezane. Wazee kama mimi tutakaa kivulini tuwahesabu wanaofika.