Akili, Ubongo na Umaizi: Kasoro za Istilahi za Maradhi ya Uzeeni

Viungo vya mwili vimepata bahati katika lugha yetu. Figo, ini, wengu na kongosho vina majina yasiyogombaniwa, na mfasiri wa kitabu cha tiba huyaandika bila wasiwasi. Lakini mara afikapo kwenye ubongo na kazi zake, hushika neno moja tu, akili, na kulibebesha kila mzigo. Mwenye akili ni hodari wa darasani; asiye na akili ni mpumbavu; mgonjwa wa akili ni yule ambaye zamani aliitwa mwendawazimu. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeliweka neno hilo katika lugha ya serikali, nasi hatulipingi hapo, kwani limewaondolea wagonjwa jina la wazimu. Tunalolipinga ni kulitumia neno hilo hilo kwa ugonjwa mwingine kabisa, ule ambao madaktari huuita demensia.

Ugonjwa huu si mgeni kwetu kama wengi wanavyodhani. Utafiti uliofanywa vijijini katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikadiria kuwa unawapata watu 6.4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Chembe za ubongo hufa kidogo kidogo, ama kwa maradhi ya Alzheimer, ama kwa mishipa ya damu ya ubongo kuziba, kama inavyotokea baada ya kiharusi. Mgonjwa husahau, lakini si hilo tu: hupotea njia aliyoizoea, hukosa maneno, hubadilika tabia, na huamka usiku akatembea asikokujua.

Tazama sasa majina yanayotumika. Kichaa cha uzeeni hakifai hata kidogo. Humpa mzee jina la mtu wa kuogopwa, na sikio la Mtanzania hulisikia pamoja na kichaa cha mbwa. Upungufu wa akili humchanganya na mtu aliyezaliwa na ulemavu wa akili, hali mgonjwa wetu alikuwa na akili zake timamu akalea watoto na wajukuu. Kuchanganyikiwa ni hali ya ghafla, kama ya mwenye homa kali, nayo mara nyingi hupona. Ugonjwa wa kusahau ndilo jina lenye heri kuliko yote, nalo limekwisha kuenea. Ila kasoro yake ni kwamba kila mzee husahau. Jamaa wakiambiwa mama yao ana ugonjwa wa kusahau, hujibu kuwa ni uzee tu, na zahanati hawaendi. Aidha, siku anapoanza kutanga usiku hawaioni sababu ya kulihusisha tendo hilo na kusahau.

Hapo ndipo sisi tuandikao kutoka Kirumba, mjini Mwanza, tunapoona kuwa jambo hili si la wanaisimu peke yao. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, tangu miaka ya 1970, wazee wengi, hasa wanawake, wameuawa kwa kudaiwa kuwa wachawi. Macho mekundu, ambayo kwa kawaida ni kazi ya moshi wa jikoni, yalitosha kuwa ushahidi. Mwanamke mzee anayekutwa uani kwa jirani usiku wa manane, asiyeweza kueleza amefikaje, yumo katika hatari iliyo kubwa zaidi. Jirani anayelijua jina la ugonjwa wake huenda akamrudisha nyumbani. Asiye na jina hilo hutumia lile alilo nalo.

Nchi nyingine zimekwisha kulishughulikia jambo hili. Japani mwaka 2004 serikali ililiacha jina la zamani la ugonjwa huu, lililoandikwa kwa alama mbili zenye maana ya upumbavu, ikachukua jina jipya linalotaja kazi ya ubongo ya kujua na kuelewa.

Kazi hiyo ya kujua na kuelewa sisi tunaiitaje? Vitabu vingi vinasema utambuzi. Neno ni zuri, lakini limekwisha kuajiriwa: daktari anapogundua ugonjwa, huo nao ni utambuzi. Ndipo mfasiri anapolazimika kuandika “utambuzi wa kupungua kwa utambuzi”, na msomaji akaishia kucheka. Tunapendekeza umaizi, kutokana na kitenzi kumaizi, yaani kupambanua na kufahamu. Limo katika kamusi, halina kazi nyingi, na halimtukani mtu.

Kasoro kubwa zaidi, hata hivyo, imo katika maswali yenyewe ya kupimia umaizi. Kipimo kilichoenea duniani, chenye alama 30, kilitungwa Marekani na Folstein na wenzake mwaka 1975. Kinamtaka mgonjwa ataje majira ya mwaka. Mwezi Juni, mkazi wa Kirumba atasema kiangazi kwa kuwa mvua zimekatika; aliyesoma shule atasema kipupwe. Nani akatwe alama? Mvuvi wa dagaa hata hahesabu hivyo, kwa sababu kazi yake ya taa hutaka usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa pevu hupumzika. Anaweza kukosea tarehe na asikosee mwezi angani. Kipimo humtaka pia ataje ghorofa aliyomo, na nyumba ni ya chini.

Halafu kuna swali la kutaja herufi za neno la Kiingereza lenye maana ya dunia, kuanzia mwisho. Wafasiri hufurahi kuona kuwa dunia nalo lina herufi tano, wakadhani kazi imekwisha. Kumbe msomaji wa Kiswahili husoma kwa silabi. Mzee aliyejifunza kusoma katika kisomo cha watu wazima, ambacho mikoa ya Ziwa ilikuwa uwanja wake wa majaribio tangu 1968, akiambiwa aligeuze neno hilo atasema a-ni-du. Amefanya kazi ngumu ya ubongo, na amepata sifuri. Kuna pia sentensi ya kurudia, isemayo kwa asili yake kwamba hakuna “kama”, “na” wala “lakini”. Kwa Kiingereza ni msemo wa kumkataza mtu visingizio. Kwa Kiswahili ni viunganishi vitatu vilivyopotea njia.

Watafiti wa Hai na wenzao wa Nigeria walitambua kasoro hizi, wakatunga kipimo kwa ajili ya wasiojua kusoma: mzee hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano, hukumbuka maneno kumi, hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Tunawapongeza. Lakini hata hapo tuna neno. Kwa Kiingereza samaki na ndege huingia katika kundi la wanyama. Kwa Kiswahili cha watu, mnyama ana miguu minne. Mzee wa Mwaloni akianza na sato, sangara, furu, kamongo, kambale na ningu, mpimaji ambaye hakuelekezwa atamkatisha kwenye samaki wa kwanza. Ambaye ameelekezwa atawahesabu wote. Maelekezo hayo yaandikwe katika karatasi yenyewe ya kipimo, yasiachwe kwa busara ya kila muuguzi.

Kwa ugonjwa wenyewe tunapendekeza udhoofu wa umaizi, na katika vipeperushi maelezo yake yatangulie: ugonjwa wa ubongo unaomdhoofisha mtu umaizi. Ubongo utajwe kwanza, ili msikilizaji ajue kuwa ni kiungo kilichougua, kama ini au figo. Ugonjwa wa kusahau uachwe katika mazungumzo, maana watu wamekwisha kuupokea. Demensia ibaki katika faili la mgonjwa, kwa tahajia hiyo moja. Dimenshia na dementia zifutwe katika maandishi ya Kiswahili.