Mkono wa Askari, Jina la Mvuvi: Uhakiki wa Vijisanamu vya Kompyuta

Uhakiki katika vyuo vyetu umezoea kushughulikia riwaya, ushairi na tamthilia. Vitu vya kuchezea watoto huachwa nje, kana kwamba havisomeki. Makala haya yanakusudia kuchunguza aina moja ya vitu hivyo: kijisanamu cha mzaha kinachobuniwa kwa kompyuta kutokana na mwanasesere aliyekwisha kuwapo. Kijisanamu hicho hakiuzwi dukani. Kimo katika picha tu, ndani ya sanduku la kubuni lenye jina, nembo na zana zilizopangwa pembeni.

Mtindo huu ulienea duniani mwezi wa Aprili 2025, baada ya programu ya ChatGPT kupata uwezo mpya wa kuchora mwishoni mwa Machi mwaka huo. Hata hivyo, kazi yenyewe ni ya zamani zaidi. Mbunifu hupiga picha ya mwanasesere, hulitenga umbo lake, hulibadilisha rangi, kisha huandika maneno ya sanduku. Swali letu ni hili: katika hatua hizo, ni kitu gani hasa kinachogeuzwa?

Historia ya viwanda inatupa jibu la kusikitisha. Mwaka 1964 kampuni ya Kimarekani iitwayo leo Hasbro ilitoa G.I. Joe, askari wa plastiki mwenye urefu wa sentimita 30 hivi. Mwaka uliofuata alitolewa askari mweusi, lakini kichwa chake kilitoka katika kalibu ileile ya yule mweupe. Kilichobadilika ni rangi. Mwaka 1967 kampuni ya Mattel ilifanya vivyo hivyo kwa mwanasesere wake Francie. Mnunuzi aliahidiwa mtu mpya, akapewa rangi mpya.

Natulete jambo hili Kisangani. Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayetaka kumbuni mvuvi wa Wagenia kutokana na askari wa plastiki. Anamvua sare, anampaka rangi, anaweka pembeni vikapu virefu vya kutegea samaki, na juu ya sanduku anaandika jina la maporomoko ya Boyoma. Kwa mtazamo wa kwanza kazi imekamilika. Lakini tuutazame mkono. Vidole vimefinyangwa kushika bunduki, na kimoja kimekunjwa tayari kwa kufyatua. Mvuvi huyu ana jina letu na kiganja cha askari.

Hapana budi kukiri kwamba huu ni mchezo, na mchezo una uhuru wake. Lakini mji huu ulishuhudia, mwezi wa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yakipigana kwa siku sita katika mitaa yake, na raia wakafa kwa mabomu yasiyowahusu. Hapa kwetu mkono wa namna ile si jambo dogo la umbo.

Lugha yetu inaweza kumfundisha mbunifu. Kiswahili kilikopa neno kitabu kutoka Kiarabu, ambamo sauti ya mwanzo ni sehemu ya mzizi. Wasemaji waliisikia kama kiambishi cha ngeli, wakasema vitabu. Hawakulipaka neno rangi. Walilifungua kiungo chake na kulifanya litembee kwa sarufi yao. Ndiyo maana leo hakuna anayelihisi kuwa geni.

Kwa hiyo tunapendekeza kipimo kimoja cha kuhakiki kazi hizi: tuondoe sanduku, jina na rangi, kisha tuulize kama umbo lililobaki bado linasema lile lililodaiwa. Mvuvi wetu atafaulu iwapo mbunifu atakifungua kiganja kishike kamba, ataupinda mgongo kwa uzito wa kikapu, na ataitanua miguu juu ya magogo yaliyosimamishwa katikati ya maji yaendayo kasi. Kompyuta inaruhusu hayo yote bila kuyeyusha plastiki. Kinachohitajika kwanza ni kwenda mtoni kumtazama mvuvi akifanya kazi, kwa kuwa kalibu ya mwili wake haimo katika mwanasesere wa kigeni.