Faragha ya Wachache, Hewa ya Wote

Mtandaoni kumezaliwa ngano mpya, nayo inahusu watu wanaolala angani. Fanani wake ni kijana mwenye kamera ndogo. Huingia ndegeni mapema ili apige picha viti vikiwa bado vitupu, kisha simulizi hufuata kanuni ambazo wasikilizaji wake wanazijua kwa moyo: kinywaji cha kukaribishwa, mfuko wa vipodozi, rula ya kupimia upana wa kiti, menyu, nguo za kulalia, kitufe kinachogeuza kiti kuwa kitanda. Mwisho huja alama, nane na nusu juu ya kumi, na swali kama bei ilistahili.

Wengi wanaotazama video hizi hawatalala katika vitanda hivyo. Hilo halinishangazi wala halinikeri. Hadithi za majumba ya masultani zimesikilizwa na watu wa vibandani tangu zamani, na raha ya kusikia haihitaji mwaliko. Malalamiko yangu ni ya kihakiki. Ngano hizi hupima kwa rula kile kinachopimika kwa rula, na kuacha kile kinachoamua safari. Zinakijua kiti, lakini ndege haziisomi.

Tuanze basi na ndege yenyewe.

Ndege ya masafa marefu hupaa zaidi ya mita 10,000 juu ya bahari, mahali ambapo binadamu hawezi kupumua akadumu. Mitambo husukuma hewa ndani ya bodi ili tuishi. Lakini hewa hiyo haifikishwi kwenye mgandamizo wa pwani, kwa sababu bodi ingelazimika kuwa nzito mno ili isipasuke. Kwenye ndege za alumini, kama Boeing 777, hewa ya ndani inaweza kulingana na ile ya mahali penye kimo cha mita 2,400 hivi. Msomaji wa Afrika Mashariki anapajua mahali hapo hata kama hajawahi kufika: ni kimo cha Iten, mji wa wanariadha, ambako wakimbiaji hupanda makusudi ili mapafu yao yahangaike.

Boeing 787, ile Dreamliner, bodi yake kwa sehemu kubwa imetengenezwa kwa nyuzi za kaboni. Bodi hiyo inastahimili mgandamizo zaidi, hivyo hewa ya ndani hubaki kwenye kimo cha mita 1,800 hivi. Hapo ni Nairobi. Airbus A350, ambayo nayo imejengwa kwa nyuzi za kaboni, inafanya vivyo hivyo. Na kwa kuwa nyuzi hizo hazishiki kutu, hewa inaweza kuachiwa unyevu zaidi kidogo, koo likakauka polepole. Kwa mtu wa Tanga au Mombasa anayesafiri usiku kucha, huo ni uchaguzi kati ya kulala Iten na kulala Nairobi. Hakuna atakayeuona kwa macho, lakini asubuhi kichwa chake kitajua.

Jambo kubwa hapa ni kwamba hewa hiyo haina daraja. Abiria wa kiti cha kwanza na mama wa safu ya mwisho jirani na choo wanavuta hewa ya kimo kilekile. Katika miaka ishirini hivi iliyopita, hilo ndilo boresho kubwa ambalo halikuuzwa kwa tiketi mbili tofauti. Lakini katika video ya dakika ishirini na tano, aina ya ndege hutajwa kwa sentensi moja, kama jina la dereva wa basi.

Nimetumia neno daraja, nalo linastahili kuangaliwa. Kiswahili kinatumia neno moja kwa kitu kinachounganisha kingo mbili za mto na kwa kitu kinachotenganisha abiria. Ndani ya ndege maana zote mbili zipo: abiria wote wamo kwenye daraja moja linalovuka bahari, na katikati yao pana pazia. Mhakiki mzuri wa viti anapaswa kuziona maana zote mbili kwa pamoja. Wengi wanaiona ya pili tu.

Tukishaisoma ndege, sasa tunaweza kukisoma kiti kwa haki.

Kitanda kamili katika daraja la biashara hakina umri mkubwa. British Airways ilikileta mwaka 2000. Kabla ya hapo abiria wa daraja hilo walipata kiti kipana kinachoegemea nyuma, na kitanda kilikuwa cha daraja la kwanza peke yake. Ubunifu ule ulikuwa wa kijasiri na wa ajabu. Ili vitanda vingi vienee, kiti kimoja kiliangalia mbele na jirani yake akaangalia nyuma, kama viatu vilivyopangwa ndani ya boksi. Ndege ikiruka, ulikuwa ukimkodolea macho mtu usiyemjua mpaka kizuizi kipandishwe. Na aliyekaa dirishani, akitaka kwenda haja usiku, alipaswa kuruka miguu ya aliyelala. Hata hivyo ule ulikuwa uamuzi wenye hoja: usingizi kwanza, adabu baadaye.

Tangu hapo mashirika yote yamekuwa yakijibu swali moja: nani amruke nani? Majibu huandikwa kwa tarakimu. 2-2-2 maana yake viti viwili, njia, viwili, njia, viwili. 1-2-1 maana yake kila mtu anagusa njia. Wahakiki wengi wakishaona tarakimu hizo, hukumu imekwisha: 1-2-1 ni ya kisasa, 2-2-2 imepitwa na wakati. Usomaji huo ni wa haraka mno. Chukua Dreamliner za Kenya Airways, ambazo tangu tarehe 28 Oktoba 2018 zimekuwa zikienda New York moja kwa moja kutoka Nairobi, safari ya takriban saa 15. Zina viti 30 vya biashara kwa mpango wa 2-2-2, vyote vinalala sawasawa, lakini wa dirishani humruka jirani. Chukua pia Dreamliner aina ya 787-9 za Oman Air. Huko nako utahesabu sita kwa safu, ila viti vimepishana kiasi kwamba wa dirishani ana kichochoro chake kidogo cha kutokea. Tarakimu ni zilezile, ila usiku wa abiria si uleule.

Emirates inatupa mfano mwingine, tena ndani ya shirika moja. Abiria wa Dar es Salaam aendaye London kupitia Dubai, kwa miaka mingi tiketi yake moja ya biashara imemweka kwenye madunia mawili. Hatua ya kwanza ni Boeing 777 yenye viti 2-3-2, ambamo kuna mtu aliyelipa fedha nyingi akajikuta amebanwa katikati ya wageni wawili. Hatua ya pili ni Airbus A380, ghorofa ya juu, 1-2-1, na nyuma kabisa baa ambako watu husimama wakazungumza. Mwaka 2024 shirika lilianza kurudisha baadhi ya 777 zake karakana ili nazo ziwe 1-2-1. Kwa hiyo anayeuliza “shirika gani ni zuri?” ameuliza swali lisilo na jibu. Swali lenye jibu ni: ndege gani, kwenye njia gani, yenye viti vya lini?

Kisha mwaka 2017 ukaja mlango. Qatar Airways ilizindua Qsuite: kila abiria na kijichumba chake chenye mlango wa kuteleza. Baadhi ya viti vya katikati vinaweza kuunganishwa vikawa kitanda cha watu wawili, na vinne vikikutanishwa, vizuizi vyao vikishushwa, vinakuwa chumba cha familia au cha kikao. Miaka miwili baadaye British Airways nayo ikaja na mlango wake kwenye A350-1000. Leo kiti kisicho na mlango hupunguziwa alama kana kwamba kimevunjika.

Mlango unauza faragha. Neno hilo halihitaji kuelezwa kwa watu wa pwani, ambao walijenga miji mizima kulizunguka. Lakini nyumba ya Lamu au ya Mji Mkongwe haikuishia kwenye faragha. Nje ya mlango mzito wa nakshi paliwekwa baraza, benchi la mawe ambako mpita njia aliketi bila kubisha hodi. Mjenzi alijua kwamba ndani hupata maana yake kwa kuwapo kwa nje. Kwa kipimo hicho, A380 ya Emirates, isiyo na milango katika daraja la biashara lakini yenye baa, ni nyumba iliyokamilika zaidi kuliko inavyosemwa. Na Qsuite ubora wake haumo kwenye mlango unaosifiwa. Umo kwenye vile vizuizi vya katikati vinavyoshuka, vinavyomwachia abiria uamuzi wa usiku huu kuwa ndani au barazani. Wengi walioiga walichukua mlango, kuchumba cha watu wanne wakakiacha. Faragha isiyo na baraza ni upweke wenye shuka safi.

Nasifu kitanda, basi, na sitaki msomaji adhani naona haya kukisifu. Kuna mazoea ya kusema daraja la biashara ni anasa tupu, mambo ya wenye nazo. Mazoea hayo hayajakaa saa 15 na mtu mwenye magoti ya miaka sabini. Wataalamu wa afya wanaeleza kwamba kukaa kwa saa nyingi bila kusogea huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, hasa kwa mzee, mjamzito na aliyetoka kufanyiwa upasuaji. Bibi anayekwenda Toronto kumlea mjukuu aliyezaliwa jana ana haja kubwa zaidi ya kulala chali kuliko mkurugenzi anayekwenda kikaoni. Kampuni ya mkurugenzi ndiyo itakayolipa. Bibi atachangiwa na wanawe nauli ya kawaida, kisha ataambiwa avae soksi za kubana na asimame mara kwa mara.

Hapo ndipo lawama yangu inapoangukia, na haiangukii kitanda. Dreamliner ilipobuniwa, Boeing iliitangaza kwa mpango wa watu wanane kwa safu katika daraja la kawaida. Mashirika karibu yote yalichagua tisa. Japan Airlines ilibaki na wanane kwenye safari zake za kimataifa, ikawa mfano wa pekee. Boeing 777 ilianza na tisa katika mashirika mengi, sasa kumi ndiyo desturi. Kila walipoongeza kiti, upana wa bodi haukuongezeka; waliukata mabegani mwa waliokaa. Wahandisi walitupa hewa ya Nairobi, wahasibu wakachukua kiwiko. Wakati huohuo, nyuma ya pazia la mbele, mlango ukawa unafungwa taratibu kwa sauti laini, na kamera ikausogelea.

Kwenye Dreamliner ya Kenya Airways, wale 30 wa mbele wanakaa sita kwa safu, na 204 wa nyuma wanakaa tisa. Shirika linaweza kujitetea kwamba bila wale 30 nauli ya 204 ingepanda, na hesabu za biashara ya anga zinaupa utetezi huo uzito. Lakini utetezi huo unathibitisha hoja yangu badala ya kuivunja. Kama kitanda cha mbele na kiwiko cha nyuma vimefungwa kwenye hesabu moja, basi haiwezekani kukihakiki kimoja na kunyamaza kuhusu kingine. Mhakiki wa riwaya hawezi kusifu sura ya kwanza na kutangaza kuwa kitabu ni kizuri.

Anayelinganisha viti angeanza na kimo cha hewa na unyevu wake, kwa kuwa huo ni usingizi wa wote. Angefuatisha mpango wa safu, mbele na nyuma, aone nani anamruka nani, na nani amepoteza bega ili mwingine anyooshe mguu. Mlango, menyu na mto vingekuja baada ya hapo, na vingekuja vikiwa na ukubwa wao halisi.

Kwa vipimo hivyo, hukumu yangu ni hii. Qsuite ndani ya A350 ndiyo kazi bora zaidi ya daraja la biashara ninayoijua, kwa sababu mwili wa ndege na akili ya kiti vinakubaliana. Qsuite hiyohiyo ndani ya 777 ni chumba kizuri kilichojengwa Iten. Na Dreamliner ya 2-2-2, ambayo video nyingi huipa sita juu ya kumi, inawapelekea watu 234 hewa ya Nairobi hadi New York, 204 kati yao wakiwa hawakuonekana kwenye video hata moja. Mimi ningeipa alama zaidi, kisha ningemdai mwenye ndege kile kiti cha tisa.